Seattle 1917: Barafu Ilikuwa ya Nani?

Kenya ilipopokelewa Septemba 2024 kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, maoni niliyoyasoma kwa Kiswahili yaligawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilicheka: watu wa ikweta wanatafuta nini kwenye barafu? Fungu la pili lilisifia, lakini sifa zenyewe zilitoka chungu kimoja na kile kicheko, maana zilisema vijana wa Nairobi wamelishinda jua. Mwaka uliofuata ligi ya kulipwa ya wanawake ya Amerika Kaskazini ilipeleka timu mpya Seattle na Vancouver, pwani ya magharibi ambako mvua ni nyingi kuliko theluji, na maneno yakarudi kwa sauti nyingine: fedha zinauhamisha mchezo kutoka kwao. Wote hawa wamekubaliana juu ya jambo moja bila kulichunguza. Wanaamini kuwa hoki ya barafu ni mtoto wa baridi, na kwamba popote penye joto ni mgeni tu, wa kukaribishwa au wa kufukuzwa.

Naamini wanakosea, na kosa lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka 100. Jibu limo katika msimu wa 1916–17, pale Seattle Metropolitans walipokuwa timu ya kwanza yenye makao Marekani kutwaa Kombe la Stanley, kombe kuu la hoki ya barafu Amerika Kaskazini. Msimu huo husimuliwa kama ushindi wa Wamarekani juu ya Wakanada, au kama muujiza wa mji wa mvua. Mimi nausoma kama habari ya mali. Tangu mchezo huu uanze kulipa mishahara, barafu imekuwa mtambo, na kila mtambo una mwenyewe. Timu huishi kwa kadiri mwenye barafu anavyoiruhusu iishi. Anayebishana juu ya baridi anauliza swali ambalo historia ilishalifunga kabla babu zetu hawajazaliwa, na wakati huohuo analiacha wazi lile linaloua timu hadi leo.

Tuanze na hali ya hewa, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Montreal mwezi wa Januari wastani wa joto ni karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Mito huganda, watoto hujifunza kuteleza kabla ya kujifunza kusoma, na kiwanja hupatikana kwa kuzoa theluji na kumwaga ndoo za maji. Seattle mwezi huohuo ni nyuzi 5 au 6 juu ya sifuri, na kinachoanguka kutoka mbinguni ni mvua ya rasharasha inayoweza kunyesha wiki nzima. Hakuna ziwa la kutegemea wala mto unaoganda. Vancouver na Victoria, ng'ambo ya mpaka upande wa Kanada, ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu aliyesema mwaka 1910 kwamba hoki ya kulipwa haiwezekani kwenye pwani ile alikuwa na hoja yenye mashiko. Kukosekana kwa barafu lilikuwa jambo la kuonekana kwa macho, halikuhitaji ubishi.

Waliolivunja ni ndugu wawili, Lester na Frank Patrick, wachezaji wazuri wote wawili, pamoja na baba yao Joe, aliyekuwa na biashara ya mbao mji wa Nelson, British Columbia. Mwaka 1911 mzee aliiuza biashara hiyo, na fedha zikaenda kwenye majengo kabla hajasajiliwa mchezaji hata mmoja. Walijenga kiwanja cha barafu ya mtambo Victoria na kingine kikubwa zaidi Vancouver, chenye nafasi ya watu zaidi ya 10,000. Hadi mwaka ule Kanada, nchi iliyouzaa mchezo huu, haikuwa na kiwanja hata kimoja cha namna hiyo. Haikuona haja. Baridi ilikuwa ya bure, na kitu cha bure huwa hakimsumbui mtu akili mpaka siku kinapokosekana.

Kiwanja cha barafu ya mtambo, ukikitazama kwa karibu, ni jokofu lililolazwa chali. Kanuni yake ni ileile ya jokofu la soda dukani. Amonia hukandamizwa na kompresa, hupozwa, kisha huachiwa ipanuke. Ikipanuka hufyonza joto la maji ya chumvi yaliyo karibu nayo. Maji hayo hayagandi hata yakishuka chini ya sifuri, kwa sababu chumvi inayazuia, na ndiyo maana yanaweza kusukumwa ndani ya mabomba yaliyolazwa sambamba chini ya uwanja mzima. Fundi hunyunyiza maji safi juu ya sakafu kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, akingoja kila moja ishike, hadi upatikane unene wa sentimita 3 hivi. Hapo ndipo mchezaji anaweza kukanyaga. Pampu ikizimwa, siku si nyingi uwanja unarudi kuwa maji. Kila usiku wa mechi, chini ya miguu ya wachezaji kuna kompresa inayonguruma, kuna fundi anayesoma geji, kuna ankara inayopanda. Huo ndio mchezo wa kulipwa wenyewe, na ulikuwa hivyo pwani ile tangu siku ya kwanza.

Ligi yao, Pacific Coast Hockey Association, ilianza kuchezwa Januari 1912. Seattle waliingia 1915, baada ya kujengewa kiwanja katikati ya mji, Barabara ya Tano. Jina Metropolitans lilitokana na kampuni ya majengo, Metropolitan Building Company, iliyokuwa imekodi eneo lile kutoka Chuo Kikuu cha Washington, na naomba msomaji aikumbuke kampuni hiyo, tutakutana nayo tena. Timu iliundwa kwa haraka na kwa ubabe. Makubaliano ya kutonyang'anyana wachezaji kati ya ligi ya magharibi na ile ya mashariki yalikuwa yamevunjika, na Seattle wakaenda Toronto wakachukua kiini kizima cha timu iliyokuwa bingwa wa 1914: golikipa Harry Holmes, Frank Foyston, Jack Walker na Cully Wilson, pamoja na Eddie Carpenter aliyejiunga na Toronto baada ya ubingwa huo. Bernie Morris na Bobby Rowe walitoka Victoria. Kocha alikuwa Pete Muldoon, kijana wa Ontario aliyewahi kupigana ngumi kwa jina hilo la kubuni, na aliyekuwa na umri wa miaka 29 tu alipolitwaa Kombe. Hakuna kocha mdogo kuliko yeye aliyewahi kulitwaa.

Msimu wenyewe ulikuwa wa mechi 24. Seattle walishinda 16 wakafungwa 8, wakaitangulia Vancouver kwa tofauti ndogo. Morris alifunga mabao 37, Foyston 36. Kikosi kilikuwa cha watu 9, na hao 9 ndio waliocheza kila kitu, tena kwa kanuni za magharibi zilizotaka watu 7 uwanjani kwa wakati mmoja. Akiumia mmoja, benchi limebaki na mtu mmoja. Walker hakuwa mfungaji mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuchomoa: aliteleza nyuma ya mpinzani, akapitisha gongo chini chini, akakivuta kisahani, kile kinachochezewa badala ya mpira, bila kumgusa mtu, na kufumba na kufumbua shambulizi lilikuwa limegeuka upande. Watu waliomtazama walimwiga, na wachezaji wa leo wanaoipora pasi kwa ncha ya gongo wanafanya kazi ya Walker hata kama hawajawahi kulisikia jina lake.

Machi 1917 Montreal Canadiens, mabingwa watetezi wa Kombe, walipanda treni na kuvuka bara zima kuja Seattle. Walikuwa na Georges Vézina langoni, golikipa ambaye jina lake limebaki kwenye tuzo ya makipa mpaka leo, na mbele walikuwa na Newsy Lalonde na Didier Pitre. Tarehe 17 walishinda mechi ya kwanza 8–4. Tarehe 20 Seattle wakajibu 6–1. Tarehe 23 ikawa 4–1. Tarehe 26 ikawa 9–1, na usiku ule Morris peke yake alifunga 6. Katika mechi 4 Seattle walifunga mabao 23, na 14 kati ya hayo yalikuwa ya Morris. Siku 11 baadaye Marekani iliingia kwenye Vita Kuu, na magazeti yakawa na habari nyingine za kuandika.

Sasa hoja. Ya kwanza ni ya wale wanaoupunguza ushindi wenyewe: kwamba Montreal walichoka kwa safari, na kwamba kanuni za magharibi ziliwachanganya. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, nami nashangaa inavyodumu. Mechi waliyoshinda Montreal ni ya kwanza, ile waliyocheza uchovu wa treni ukiwa bado mwilini. Walivyozidi kupumzika ndivyo walivyozidi kufungwa. Kuhusu kanuni, mechi zilipishana: ya kwanza na ya tatu zilifuata kanuni za magharibi, za watu 7, na ya pili na ya nne zikafuata za mashariki, za watu 6. Seattle walifungwa mara moja tu, chini ya kanuni zao wenyewe. Mechi mbili za kanuni za Montreal walizishinda kwa jumla ya 15–2. Anayesema kanuni ziliamua fainali ile hajayatazama matokeo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Inasema ushindi ulinunuliwa: Toronto waliilea timu, Seattle wakaivuna. Ni kweli kwa sehemu. Lakini jiulize kwa nini wachezaji wale walikubali kuondoka. Mshahara ulikuwepo, ndiyo, na mshahara wa mchezaji unatoka mlangoni, kwa tiketi. Tiketi haiuzwi kama mechi inaweza kuahirishwa kwa sababu kumetoka jua. Mtambo ulimpa mwenye ligi kalenda: mechi Ijumaa ni mechi Ijumaa, hata kama nje ni joto. Pittsburgh walilijua hili mapema. Mji ule ulikuwa na barafu ya mtambo tangu miaka ya 1890, na ndiko wachezaji walikoanza kulipwa waziwazi wakati Kanada bado inaona haya kufanya hivyo. Mwaka 1904 ikaundwa ligi ya kwanza ya kulipwa, ikiunganisha Pittsburgh na miji ya kaskazini kama Houghton, Michigan, mji wa machimbo ya shaba wenye baridi ya kutosha kuwauzia majirani. Baridi hiyo haikuwaokoa. Wakanada walipoanza nao kulipa wachezaji wao bila kificho, vijana walirudi kwao, na ligi ikafa 1907. Kama baridi ingekuwa msingi wa mchezo huu wa kulipwa, Houghton leo ingekuwa mji mkuu wake.

Ya tatu ndiyo inayonipa kazi, na siwezi kuipita kirahisi. Inasema: sawa, barafu unaweza kuijenga popote, lakini mchezaji humjengi. Wachezaji wa Seattle karibu wote walikulia Kanada, kwenye mito na mabwawa yaliyoganda yenyewe. Hata leo, tazama mabingwa wa karibuni: Tampa Bay 2020 na 2021, Vegas 2023, Florida 2024 na 2025. Makombe 5 katika miaka 6 yamekwenda kwenye majimbo ambayo watu wake huwasha viyoyozi, na Kanada haijalishika Kombe tangu Montreal walipolitwaa 1993. Ila fungua orodha ya wachezaji wa timu hizo, utakuta Wakanada, Wasweden, Wafini, Warusi. Kwa hiyo, hoja inasema, joto linakodisha tu kile baridi ilichokizaa.

Nakubali nusu ya hoja hii. Utamaduni wa mchezo hauletwi kwa meli. Unaota taratibu, kwa kina baba wanaoamka saa 10 alfajiri kupeleka watoto mazoezini, kwa makocha wasiojulikana, kwa majirani wanaokopeshana viatu vya kuteleza. Nusu ya pili siikubali, ile inayosema utamaduni huo unaota kwenye baridi pekee. Unaota penye barafu inayopatikana kila siku, kwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaimudu. Auston Matthews alikulia Scottsdale, Arizona, jangwani kabisa, baada ya timu ya ligi kuu kuhamia jimbo lile 1996 na viwanja vya mtambo kuongezeka. Mwaka 2016 alichaguliwa wa kwanza kabisa katika usajili wa vijana, na msimu wa 2023–24 alifunga mabao 69. Miaka 20 ilitosha jangwa kutoa mfungaji bora wa kizazi chake. Hapo sioni baridi iliyofanya kazi yoyote.

Na tazama kilichofuata hukohuko Arizona. Timu iliyomvutia Matthews utotoni ilikosa nyumba ya kudumu. Misimu yake ya mwisho ilicheza kwenye ukumbi mdogo wa chuo kikuu. Mwaka 2023 wapiga kura wa Tempe walikataa mpango wa uwanja mpya, na Aprili 2024 wachezaji na makocha wakahamishiwa Salt Lake City. Jua la Arizona lilikuwepo siku zote na halikuwahi kuiua timu ile. Kilichoiua ni kutokuwa na mahali pake. Miezi mitano baadaye Kenya ilipokelewa kwenye shirikisho la kimataifa, na sisi tukaanza kujadili jua.

Ndipo ninaporudi Seattle, kwa sababu Arizona ni marudio ya kitu ambacho pwani ile ilishakionyesha, hata ndani ya msimu uleule wa ubingwa. Vuli ya 1916 jeshi la Kanada lilichukua kiwanja cha Victoria kwa ajili ya vita. Timu ya Victoria, yenye wachezaji wake wazuri na kocha wake Lester Patrick, ikahamia Spokane, ndani kabisa ya jimbo la Washington, ikamaliza mkiani na haikuuona msimu wa pili mjini humo. Hakuna kilichobadilika kwenye vipaji vya wale vijana. Mlango ulifungwa, na waliobaki nje wakawa wageni kwenye mji usiowajua.

Seattle wenyewe waliendelea vizuri kwa miaka kadhaa. Mwaka 1919 walifika tena fainali na Montreal walewale, wakati huu bila Morris, aliyekuwa amekamatwa kwa madai ya kukwepa kujiunga na jeshi na baadaye akafungwa Alcatraz. Mfululizo ulikuwa sare pale homa ya mafua ya dunia ilipowaangusha wachezaji wa Montreal. Mechi ya mwisho ikafutwa, na Aprili 5 beki wao Joe Hall akafariki hospitalini mjini Seattle. Mwaka 1921 akina Patrick waliandaa mashindano ya wanawake ya timu za Vancouver, Victoria na Seattle, na ya Seattle iliitwa Vamps. Nalitaja hili kwa makusudi. Wanaosema timu za wanawake za 2025 zimepelekwa mahali pasipo na asili ya mchezo wanazungumzia miji ambayo wanawake wake walikuwa wakishindana kwenye barafu miaka 104 kabla.

Kisha ikaja 1924. Timu haikuwa imefilisika wala haikuwa imeshuka kiwango. Mwaka huohuo ilimaliza ligi ikiwa juu. Lakini kando ya kiwanja palikuwa panajengwa hoteli kubwa, Olympic, kwenye eneo lilelile lililokodiwa kutoka chuo kikuu, na hoteli ilihitaji mahali pa kuegesha magari ya wageni. Mpango wa wenye eneo ulikuwa na nafasi ya hoteli na nafasi ya gereji. Kiwanja cha barafu kikageuzwa gereji. Metropolitans wakafa siku hiyo, bila kufungwa na mtu yeyote uwanjani. Ligi iliyobakiwa na Vancouver na Victoria peke yake haikuweza kusimama, nayo ikamezwa na ligi ya nyanda za kati.

Ushahidi mzito kuliko wote ni huu unaofuata, na sijui kwa nini hautajwi kila habari hii inaposimuliwa. Wachezaji watatu wa Seattle, Holmes, Foyston na Walker, walichukua viatu vyao wakavuka maji kwenda Victoria, ambako akina Patrick walikuwa na kiwanja chao wenyewe. Machi 1925, mwaka mmoja tu baada ya kufungiwa mlango, walitwaa Kombe la Stanley wakiwa na Victoria Cougars, tena kwa kuwafunga Montreal Canadiens. Hakuna timu ya nje ya NHL, ligi kuu ya leo, iliyolichukua tena tangu siku hiyo. Watu ni walewale, mpinzani ni yuleyule, hata bahari wanayoitazama ni ileile. Kilichobadilika kati ya timu iliyokufa na timu iliyotwaa ubingwa ni jina lililoandikwa kwenye hati ya jengo.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba nimeigeuza habari ya michezo kuwa habari ya wapangaji na wenye nyumba, na kwamba umiliki wa akina Patrick nao ulikuwa na kasoro zake. Hili la pili ni kweli, na ni zito. Ligi nzima ilikuwa kama mali ya familia moja. Frank alikuwa rais wa ligi na wakati huohuo mkuu wa timu ya Vancouver, na wachezaji waliweza kuhamishwa kutoka mji mmoja kwenda mwingine ili mizani isielemee upande mmoja. Mchezaji asiyeridhika hakuwa na mahali pa kulalamika. Umiliki wa namna ile unaweza kuzaa dhuluma, nami sitamani hata kidogo uigwe. Hata hivyo ni lazima kusema ulichozaa: msitari wa buluu, pasi ya mbele katikati ya uwanja, pigo la adhabu, ruhusa ya golikipa kujitupa chini, mechi za mtoano baada ya ligi. Karibu kila kinachomfanya mtazamaji wa leo aishike pumzi kilijaribiwa kwanza kwenye viwanja vile vya pwani ya mvua. Waliweza kujaribu kwa sababu hawakulazimika kumwomba mtu usiku wa kufanyia majaribio. Mashariki, kanuni nyingi kati ya hizi ziliigwa baadaye tu.

Hapo naiona maana ya haya yote kwa Nairobi, na ndiyo sababu nimeandika. Kiwanja cha barafu cha Nairobi kilifunguliwa 2005 ndani ya Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Ni kidogo kuliko uwanja kamili wa mchezo, na kwa miaka mingi kimekuwa ndiyo barafu pekee ya vijana wa Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya. Nimewahi kusimama kando yake mchana mmoja. Nje matatu zilikuwa zinapiga honi kwenye vumbi na jua la utosi, ndani mtoto wa miaka kama 10 alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, pumzi yake ikitoka kama moshi, na kaka mmoja aliyevaa glavu za kipa akimwambia, "Achia mkono mmoja kwanza, wa pili utajiachia wenyewe." Yule mtoto hakuwa akipigana na ikweta. Alikuwa akihofia kuanguka, kama mtoto wa Montreal anavyohofia. Kilichonikaa rohoni nilipotoka ni mawazo juu ya saa: alikuwa na dakika ngapi za barafu kwa wiki, kwa shilingi ngapi, na nani anaamua.

Simsemi vibaya mwenye hoteli. Bila yeye kusingekuwa na kiwanja wala timu, na hesabu zake za umeme ni haki yake kuzipiga. Nasema tu kwamba mchezo wote wa nchi umekaa juu ya uamuzi wa biashara moja ambayo kazi yake ni wageni wa usiku, na kwamba Seattle ilikuwa na mpangilio unaofanana na huo siku ile gereji ilipohitajika. Wachezaji wetu wamefika mbali kwa hali hiyo. Mwaka 2018 walisafiri hadi Kanada, wakacheza mechi bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL, na dunia ikapiga makofi. Makofi yale yalikuwa ya haki, lakini hayakuongeza hata saa moja ya barafu Barabara ya Mombasa.

Kwa hiyo uanachama wa 2024 uhukumiwe kwa kitu kinachoweza kupimwa. Je, shirikisho la Kenya litapata makubaliano ya maandishi, ya miaka na yenye saa zilizotajwa, kwa barafu iliyopo? Je, kuna kaunti, chuo kikuu au mwekezaji atakayejenga kiwanja cha pili ambacho kazi yake ya kwanza ni mchezo, ili kimoja kikifungwa timu isibaki mtaani kama Victoria ya 1916? Umeme ni ghali, najua, na kompresa hailali. Lakini gharama inajadiliwa, inagawanywa, inapunguzwa kwa jua la paneli au kwa kuuza tiketi za kuteleza mwisho wa juma. Ikweta haijadiliwi, na ndiyo maana kuitaja kila mara kunatupa kisingizio cha kutozungumza kabisa.

Seattle ilikaa miaka 97 kabla ya kuwa tena na timu ya ligi kuu ya wanaume, Kraken, iliyoanza kucheza 2021. Katikati palikuwa na timu za madaraja ya chini, na vizazi vitatu vya watu waliokua wakiambiwa mji wao hauna asili ya hoki. Januari 1, 2024 Kraken walicheza nje, mbele ya umati, wakiwa wamevaa jezi zilizoshonwa kwa kukumbuka zile za Metropolitans, na wakashinda 3–0. Kiwanja chao cha nyumbani kina mfereji unaokusanya mvua ya paa na kuipeleka kwenye tangi, na maji hayo ndiyo yanayogandishwa kuwa barafu wanayochezea. Na pale Barabara ya Tano, Holmes aliposimama langoni usiku ule wa 9–1, gereji nayo ilishabomolewa zamani. Leo pana jengo refu la ofisi.